Picha ya Mtoto na Tangazo la Biashara

Ukipita Nyakato kando ya barabara iendayo Musoma utaona biashara nyingi ndogondogo. Wapo wapiga picha. Wapo wauza nguo za watoto. Wapo wasusi, wenye maduka ya kutoa nakala, na wenye shule za chekechea. Zamani watu hawa walijitangaza kwa kibao mlangoni. Siku hizi wengi hujitangaza kwa simu. Mtu hupiga picha, huiweka kwenye intaneti, na wateja wa mbali huiona. Biashara hupanuka, nalo ni jambo jema.

Lakini mara nyingi ndani ya picha hiyo yumo mtoto. Nani amekubali mtoto huyo awekwe pale?

Jirani zetu wa Kenya wameliona swali hili. Huko Uthiru, upande wa Nairobi, shule iitwayo Roma School ilitangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule hiyo faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya. Idhini maana yake ni ruhusa. Ruhusa ingeweza kuombwa kwa barua moja.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa binafsi ni habari zinazomtambulisha mtu: jina, picha, umri, namba ya simu, mahali anapoishi. Taarifa za watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, yaani zile za kulindwa zaidi. Na mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Hata kijana wa sekondari mwenye ndevu ni mtoto.

Taarifa nyeti zinahitaji idhini ya maandishi kabla ya kutumiwa. Angalia neno hilo: maandishi. Kutikisa kichwa hakutoshi. Kunyamaza pia si kukubali. Kwa mtoto, anayetoa idhini ni mzazi au mlezi.

Tuseme mama mmoja amempeleka binti yake kupigwa picha. Mpiga picha anafurahi.

"Mama, picha imetoka vizuri sana. Naomba niiweke kwenye tangazo langu."

"Itaonekana wapi, mwanangu?"

"Kwenye intaneti. Kila mwenye simu ataiona."

"Na jina lake utaliandika?"

"Naweza kuliandika."

"Jina usiliandike. Tena hii sare ina jina la shule kifuani. Mtu mbaya akiiona atajua pa kumsubiri. Mpige nyingine akiwa na gauni lake."

"Sawa, mama. Basi weka sahihi hapa."

"Lete kwanza nisome."

Huyo mama amefanya vizuri. Watu wengi waliweka dole gumba kwenye karatasi wasizozijua. Wewe sasa unasoma. Ukiletewa karatasi kwa lugha usiyoijua, irudishe, uombe ya Kiswahili. Na wewe mwenye biashara, karatasi yako iwe fupi. Inaweza kuwa hivi:

Mimi ni mzazi wa ..................
Namruhusu .................. atumie picha moja ya mtoto wangu kutangaza biashara ya ..................
Jina la mtoto na shule yake visionekane.
Picha itaondolewa tarehe .................. au siku yoyote nitakayoomba.
Sahihi .................. Tarehe ..................

Mstari wa nne ni muhimu. Sheria inampa aliyekubali haki ya kuondoa idhini yake wakati wowote, bila kutoa sababu na bila kulipa. Mzazi akisema ondoa, ondoa. Lakini ujue kwamba picha ya intaneti ikishanakiliwa na watu, huwezi kuifuata katika kila simu. Ndiyo maana ruhusa huombwa kwanza.

Sasa twende kwenye duka la kutoa nakala. Shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi huleta vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nakala iliyoharibika hutupwa chini, na kesho yake imefungia karanga. Cheti kile kina jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi. Mwenye duka achane karatasi hizo au azichome. Tena vyeti vingine hubaki ndani ya kompyuta. Kazi ikiisha, vifutwe mbele ya mteja. Wenye chekechea nao waandike zile habari wanazozihitaji tu, na daftari lifungiwe kabatini. Mwalimu asilipige picha na kulituma katika kundi la wazazi.

Wengine husema sheria hizi ni za makampuni makubwa. Makampuni makubwa nayo yamebanwa. Huko Marekani ipo sheria ya mwaka 1998 inayolinda watoto wa chini ya miaka 13 kwenye intaneti. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kwa kukusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini sheria yetu inamhusu anayekusanya taarifa za watu katika kazi yake, hata awe na chumba kimoja. Inamtaka pia ajiandikishe kwenye Tume. Mzazi asiyesikilizwa anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume hiyo hiyo.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Je, msusi anaweza kutangaza picha ya msichana wa miaka 16 kwa sababu msichana mwenyewe amekubali?
2. Kwa nini mama alikataa picha yenye sare?
3. Nakili ile karatasi ya idhini katika daftari lako. Ijaze kama mzazi, kisha mpe mwenzako aisome kwa sauti.