Kulinganisha Misumeno ya Meza Kabla ya Kununua

Anayetaka kujitengenezea kabati la mninga nyumbani kwake Kashaulili akiulizia dukani msumeno wa meza unaobebeka, aghalabu huonyeshwa kwanza idadi ya wati iliyoandikwa kwenye boksi. Wati zina maana, lakini zisiwe kigezo cha kwanza.

Mlaji aanze kwa kutazama nyuma ya diski. Hapo panapaswa kuwa na bamba jembamba la chuma linalopanda na kushuka pamoja na diski. Mbao inapopasuliwa, hasa ikiwa bado mbichi, mkato huweza kujifumba na kuibana diski. Meno ya nyuma huinyanyua mbao na kuirusha kuelekea kwa mtumiaji, na mkono uliokuwa ukiisukuma huweza kuvutwa kwenye diski. Bamba hilo huuzuia mkato usifumbe. Likiwa halipo, mashine hiyo haifai kulinganishwa na nyingine, hata ikiuzwa nusu ya bei. (Glavu ambazo muuzaji huongeza kama zawadi zisivaliwe wakati wa kupasua, kwani hunaswa na meno.)

Kisha rula ya pembeni inayoongoza mbao ifungwe, na umbali kutoka kwenye rula hadi kwenye diski upimwe mbele na nyuma. Vipimo vikitofautiana, mbao huweza kubanwa.

Diski ya milimita 254 hupasua kina cha takribani milimita 80, na ya milimita 210 takribani 65. Kwa mbao ya inchi 2, ndogo inatosha. Jambo linalosahaulika ni tundu la katikati ya diski: lipo la milimita 30, la 25.4 na la 15.9. Mlaji aulize kwanza ni lipi linalopatikana madukani Mpanda.

Umeme wetu ni volti 230. Mashine zilizotumika huweza kuwa za volti 100 kutoka Japani au 120 kutoka Marekani, nazo huungua zikichomekwa bila transfoma. Kibandiko kilicho kwenye mota kisomwe, si boksi. Mashine ya wati 1,800 huvuta takribani ampea 8. Waya mwembamba wa ekstensheni ukiachwa umeviringishwa hupata moto.

Mashine iwashwe dukani mbele ya mnunuzi, na risiti ionyeshe modeli na namba yake. Malalamiko ya mlaji aliyepotoshwa kuhusu bidhaa hupelekwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.