"Rain": Wimbo wa Upande wa Pili wa Santuri



Muhula huu mwalimu wa chama chetu cha muziki alitupa kazi. Kila mwanachama achague wimbo mmoja wa miaka ya 1960, ausikilize mara nne, kisha aeleze uzuri wake na kasoro zake. Wenzangu waliziwahi nyimbo zinazojulikana. Mimi nilichelewa, nikabakiziwa "Rain", yaani Mvua, wimbo wa bendi ya Beatles ya Uingereza. Nakiri kwamba sikufurahi. Hata hivyo, leo nawashauri nanyi mkipata nafasi muusikilize, nami nitaeleza kwa nini.

Kwanza, historia yake. Beatles walikuwa vijana wanne wa mji wa Liverpool: John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr. Wimbo huu waliurekodi mjini London mwezi wa Aprili, 1966. Siku zile nyimbo ziliuzwa katika santuri ndogo zenye pande mbili. Upande wa kwanza uliwekwa wimbo uliotarajiwa kuvuma, na upande wa pili ukawekwa wimbo wa kusindikiza. Wimbo wa kwanza ulikuwa "Paperback Writer", nao ulishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani mwaka ule ule. "Rain" ulikaa mgongoni mwake. Wala haukuingizwa katika albamu yao ya Revolver iliyotoka Agosti, 1966. Ndiyo sababu wengi wanaowajua Beatles hawaujui wimbo huu.

Niliposikiliza mara ya kwanza, niliona mwimbaji anajikokota kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mara ya pili nilifuata maneno, nikakasirika. Lennon anawasema watu ambao mvua ikinyesha hukimbia kujificha, na jua likiwaka hukimbilia kivulini. Kwake yeye mvua na jua ni mamoja. Tofauti imo katika fikira za mtu. Wiki ile ile nilikuwa nimepata habari kutoka nyumbani kwamba mvua za masika zimekatika mapema, na mahindi ya baba yamekauka yakiwa kimo cha goti. Nikasema moyoni, "Huyu hajapata kushika jembe!" Nikataka kumrudishia mwalimu kazi yake.

Mwalimu hakunikaripia. Aliniambia tu, "Umesikiliza mara mbili. Zimebaki mbili. Safari hii acha maneno, sikiliza vyombo."

Basi mara ya tatu nilisikiliza ngoma, kwa kuwa mimi mwenyewe napiga ngoma katika bendi ya shule. Hapo nilishangaa. Ringo Starr hapigi pigo moja tangu mwanzo hadi mwisho kama wafanyavyo wengi wetu. Anakatiza, anajaza nafasi, kisha anarudi mahali pake bila kupotea. Yeye mwenyewe amepata kusema kwamba wimbo huu ni miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Nalo gitaa la besi la McCartney halijifichi nyuma. Linatembea juu na chini kana kwamba nalo linaimba.

Tena nilijua siri ya uzito ule. Vyombo vilipigwa kwa mwendo wa haraka zaidi kuliko tunavyovisikia, kisha ukanda wa sauti ukapunguzwa mwendo. Katika Fizikia tumejifunza kwamba sauti hutokana na mitetemo, na mitetemo ikipungua kwa sekunde sauti huwa nzito. Ndivyo ngoma na magitaa yalivyopata mlio mzito, kama wingu lililojaa maji. Sauti ya Lennon ilifanyiwa kinyume: ilirekodiwa ukanda ukienda polepole, ili ukirudishwa katika mwendo wake sauti iwe nyembamba zaidi. Kumbe kule kujikokota nilikokucheka kulikuwa kazi ya makusudi.

Mara ya nne nilingojea mwisho. Vyombo vinanyamaza kidogo, ngoma inalia, kisha inasikika sauti ya mtu kwa lugha isiyoeleweka. Hiyo si lugha. Ni sauti ya Lennon, ukanda umechezwa kinyumenyume. Lennon alisimulia kwamba alikwenda na ukanda nyumbani, akauweka vibaya katika mashine, akapendezwa na alichokisikia. George Martin, aliyesimamia kazi zao za kurekodi, alisema kwamba wazo lile lilikuwa lake. Mwamba ngoma huvutia kwake!

Sasa, je, maneno yale nimeyakubali? Siku ya wazazi nilimweleza baba habari za wimbo huu. Akaniuliza, "Hao walioimba, walikuwa na chakula ndani?"

Nikamjibu, "Ndiyo, baba."

Akacheka, akasema, "Basi hata mimi ghala likijaa nitaimba hivyo."

Naona baba amesema kweli, nami siwezi kumpinga. Lakini Lennon naye hakuwa akisema na wakulima wanaotazama mbingu. Alikuwa akisema na watu wa kwao wanaonung'unikia hali ya hewa kila siku, iwe mvua iwe jua. Kwa watu hao maneno yake ni ya haki. Kosa langu lilikuwa kumhukumu kabla ya kuuliza anasema na nani.

Ndugu zangu wanafunzi, nimejifunza kwamba wimbo waweza kuupinga na bado ukausifu, ilimradi umeusikiliza kwanza. Tena, lililowekwa mgongoni si lazima liwe duni. Na tukipewa kazi tusiyoipenda, tuifanye hata mara ya nne kabla ya kuirudisha.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne