Risasi moja, bunduki nyingi: kwa nini tuhesabu risasi pia

Katika mafunzo yetu na kamati za amani za vijijini, swali moja halikosi kuulizwa: mtu akisharudisha bunduki, risasi chache zilizobaki nyumbani kwake zina ubaya gani? Wengi hufikiri kwamba risasi bila bunduki yake ni chuma tu. Katika somo hili tutaona kwamba sivyo, na kwamba kamati inayohesabu bunduki peke yake imefanya nusu ya kazi.

Kipimo ndicho kinachoamua

Fundi wa pikipiki haulizi kwanza nati imetoka kiwanda gani. Anauliza ni namba ngapi. Namba ikilingana na nyuzi zikilingana, nati ya kampuni moja itaingia kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Risasi nazo ziko hivyo.

Kipimo cha risasi huandikwa kwa namba mbili. Tuchukue 7.62 × 39. Namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni urefu wa ganda, zote kwa milimita. Risasi hiyo ilibuniwa katika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1943. Leo inatumika katika AK-47, katika Type 56 ya China, katika SKS na katika bunduki ya rashasha ya RPD, hata kama silaha hizo zilitoka viwanda na nchi mbalimbali.

Lakini namba ya kwanza peke yake haitoshi. PKM hutumia 7.62 × 54, na FAL hutumia 7.62 × 51. Zote huitwa "7.62", ila moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine. Tena, kufanana kwa risasi si kufanana kwa vipuri vyote: vz. 58 ya Chekoslovakia hupiga risasi ileile ya AK, lakini magazini ya AK, au chajeri kama wengi wetu tunavyoiita, haiingii ndani yake.

Mfano wa mashine za kujaza risasi

Marekani na Ulaya, wawindaji na wapenda shabaha wengi huokota maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya nyumbani. Kampuni kama RCBS, Lee na Hornady huuza mashine za kazi hiyo. Kwa miaka mingi kampuni nyingi zimefuata kipimo kimoja cha nyuzi: kipenyo cha inchi 7/8, nyuzi 14 kwa kila inchi. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kunyoosha ganda kilichotengenezwa na kampuni moja hufungwa kwenye mashine ya kampuni nyingine bila shida. Kuna zisizofuata: mashine ya Dillon iitwayo Square Deal B ina vifaa vyake vya pekee.

Hata hivyo, vifaa hivyo vya kawaida vimetengenezwa kwa maganda yenye tundu moja katikati ya kitako. Risasi nyingi za kijeshi za 7.62 × 39 zina maganda ya chuma yenye matundu mawili madogo, nayo ni magumu kujazwa upya. Hapa kuna funzo kubwa kwetu. Bunduki inaweza kudumu miaka hamsini, lakini risasi hupigwa mara moja tu, na ya kuchukua nafasi yake lazima itoke kiwandani, ipite mpakani, barabarani au ghalani. Kundi lisilopata risasi mpya hubaki na vyuma mikononi.

Sheria zinasema nini

Mkataba uliopitishwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010, ambao ulianza kutumika mwaka 2017, hausemi juu ya bunduki tu. Jina lake lenyewe linataja silaha ndogo, risasi zake, na vipuri vyote vinavyoweza kutumika kuzitengeneza, kuzikarabati au kuziunganisha. Walioandika walijua kwamba mtu anaweza kuvusha silaha kipande kwa kipande. Kinyume chake, makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 kuhusu kufuatilia asili ya silaha yaliacha risasi nje. Mwaka 2023 ndipo Baraza Kuu lilipopitisha mpango wa dunia wa kusimamia risasi tangu zinapotengenezwa hadi zinapoteketezwa.

Tufanye nini kijijini?

1. Anayetaka kurudisha silaha aelezwe mapema kwamba risasi, magazini na vipuri virudishwe pamoja nayo. Risasi kumi alizobaki nazo zitaingia kwenye bunduki ya jirani.

2. Kamati isipokee wala kutunza silaha yenyewe. Kazi yake ni kuhamasisha na kushuhudia. Kupokea ni kwa wale waliofunzwa na kupewa ruhusa. Kamati iombe idadi ya risasi iandikwe pamoja na alama za kitakoni, ambazo mara nyingi huonyesha kiwanda na mwaka.

3. Risasi zisiwekwe shuleni, kanisani, msikitini wala nyumbani kwa chifu. Tarehe 4 Machi 2012, ghala la silaha lililipuka Mpila, Brazzaville, na watu zaidi ya 200 walikufa. Januari 2014, radi ilipiga ghala la jeshi Mbuji-Mayi, na watu wengine wakapoteza maisha. Yaliwapata hata wenye maghala.

4. Risasi au bomu lililookotwa shambani lisiguswe. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, toa habari kwa wategua mabomu. Baada ya mapigano ya Goma ya Januari 2025, mabaki ya namna hiyo yalikutwa hata kati ya nyumba za watu.

5. Jina la aliyetoa habari lisiandikwe popote.

Maswali ya kujadiliana

• Katika eneo letu, ni watu gani huokota maganda na risasi, na huyapeleka wapi?
• Mtu anayeficha risasi "kwa usalama wa familia" anaogopa nini? Kamati inaweza kufanya nini juu ya hofu hiyo?
• Orodha yetu ya silaha zilizorudishwa inataja risasi na vipuri? Kama haitaji, nani ataanza kuirekebisha?