Fedha za Biashara Zinazongoja Kazi

Wafanya biashara wengi huwa na fedha zisizotakiwa leo, lakini zitakazotakiwa baada ya miezi michache: za kununua mahindi wakati wa mavuno, au za kulipa kodi ya duka. Zikifichwa sandukuni hazizai, na huenda zikaibiwa. Zikikaa katika hesabu ya benki ya kila siku, kwa kawaida hazipati faida yo yote. Kwa hiyo watu wengi katika Kenya huziweka katika mfuko wa soko la fedha. Yafaa tuuelewe mfuko huo.

JINSI UNAVYOFANYA KAZI. Kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hukusanya fedha za watu wengi. Sehemu huikopesha Serikali kwa siku 91, 182 au 364; sehemu nyingine huiweka katika mabenki kwa muda mfupi. Kwa kuwa madeni hayo huiva moja baada ya jingine, na wenye akiba hawaji wote siku moja, kila mmoja aweza kutoa fedha zake anapozihitaji.

HESABU YAKE. Tuseme mwenye duka ameweka Sh. 200,000, na faida ni 10 kwa mia kwa mwaka. Kwa miezi mitatu atapata Sh. 5,000. Kodi ya 15 kwa mia ya faida hiyo ni Sh. 750, zitabaki Sh. 4,250. Lakini kiwango cha faida hupanda na kushuka, wala hakuna anayekidhamini.

MAMBO YA KUANGALIA

1. Amana ya benki hukingwa na Shirika la Bima ya Amana mpaka Sh. 500,000 kwa kila mtu katika kila benki. Fedha za mfuko hazina kinga hiyo. Na benki nazo zaweza kuanguka, kama ilivyoonekana kwa Imperial Bank mwaka 2015 na Chase Bank mwaka 2016.

2. Kutoa fedha huweza kuchukua siku kadha. Mishahara ya kesho isiwekwe huko.

3. Mtu akikuahidi faida kubwa isiyopungua kamwe, kwanza uliza Mamlaka kama ana leseni.

Basi, gawanya fedha zako: za juma hili ziache benki, za miezi ijayo ziweke mfukoni, na zote ziandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.