Kukamua Maji katika Matope ya Izine

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama zetu wa kambini, mwezi huu ukurasa wetu wa usalama unaacha kidogo habari za kaske na buti. Tutazungumza juu ya kitambaa. Si kile cha kushona. Ni kile kinachochuja matope kule nyuma ya izine, mahali maji yenye asidi yanaposafishwa. Wengi wanapita pale kila siku, wanaona mifuko mirefu myeusi imelala chini kama viboko waliotoka mutoni, na hawajui kinachofanyika ndani. Tena kuna sababu ya kuandika sasa: vipande vya kitambaa kile vimeanza kuonekana kambini, vimetandikwa juani, na juu yake mihogo.

Tuanze na matope yenyewe. Maji yanayotoka mugodini na izineni yana asidi, na ndani yake shaba na kobalti zimeyeyuka kama chumvi katika muchuzi. Ukitia chokaa, asidi inapoteza nguvu, na madini yanageuka chembe ndogo sana zinazoshuka polepole. Juu maji, chini tope. Lakini usidanganywe na neno tope. Chukua pipa la lita 200. Ikiwa tope lina sehemu 2 kwa 100 za kitu kigumu, basi ndani ya pipa lote mna kilo 4 tu za udongo. Zilizobaki ni maji. Kamiyo inayobeba tope hilo inabeba maji, mafuta yanachomwa kwa ajili ya maji, na bwawa tulilochimba kwa jasho linajaa maji.

Sasa likamue mpaka kitu kigumu kifike sehemu 20 kwa 100. Pipa lile linabaki na kilo 20: nne za udongo, kumi na sita za maji. Lita 180 hivi zimetoka. Na bado ukilishika linafanana na bukari laini, maana sehemu nne kwa tano ni maji. Hapo unaona kwa nini wakubwa wa izine wanahesabu kila sehemu moja kwa mia.

Kitambaa kinafanyaje kazi hiyo? Kuna jambo la kushangaza hapa. Kitambaa cha mifuko ile kimefumwa kwa nyuzi za polipropileni, na matundu yake yanakaribia nusu milimeta. Chembe za tope ni ndogo kuliko matundu hayo mara nyingi sana. Ingefaa zipite zote! Lakini kila mama aliyechuja munkoyo kwa kitambaa anajua jibu bila kwenda shule. Munkoyo wa kwanza unatoka muzito, una vumbi la bunga. Baadaye unaanza kutoka safi zaidi, ingawa kitambaa ni kilekile. Ni makapi yaliyoshikwa na kitambaa ndiyo yanayochuja sasa. Kitambaa kinashika makapi, na makapi yanashika yale yanayofuata. Ndiyo maana maji ya kwanza yanayotoka katika mufuko hayatupwi mutoni. Yanarudishwa mwanzo wa safari mpaka yanyooke.

Hata hivyo, makapi hayo hayajengeki ikiwa chembe zimetawanyika. Chembe za tope zinasukumana, kama watu waliogombana wasiotaka kukaa benchi moja. Kwa hiyo tunatia dawa, inayoitwa polimeri: nyuzi ndefu sana, zisizoonekana kwa macho, zinazofunga chembe pamoja kuwa mabonge. Kipimo chake hakikisiwi kwa macho ya mutu mwenye haraka. Chukua chupa nyeupe kadhaa, tia tope lilelile, tia dawa kwa vipimo mbalimbali, geuza polepole, kisha tazama. Dawa ikipungua, maji yanabaki na ukungu. Ikizidi, inanata kwenye kitambaa na kuziba matundu, na pesa imetupwa. Ukikoroga kwa nguvu unavunja mabonge uliyoyajenga. Dakika tano za chupa zinaokoa siku nzima ya pompi.

Kuna namna nyingine za kukamua kwa kitambaa. Iko masini ya sahani, ambayo vitambaa vinabanwa kati ya sahani na tope linasukumwa ndani kwa nguvu. Hii inakausha kupita mifuko, ila inataka fundi na umeme usiokatika. Iko na ya mikanda miwili inayopita katikati ya silinda. Katika zote mbili kanuni ni moja: mukono hauingii mahali sahani ao mikanda inapokutana, hata kutoa jiwe dogo, mpaka masini imesimama na kufuli yako imefungwa kwenye swichi.

Mufuko hautaki mengi. Unataka mahali palipolala sawa, pompi na subira ya wiki nyingi. Unajazwa, unashuka maji yakitoka, unajazwa tena. Kazi kubwa zimefanyika hivyo. Katika ziwa Onondaga, karibu na muji wa Syracuse huko Marekani, tangu 2012 mpaka 2014 walivuta chini ya ziwa matope yenye zebaki, zaidi ya meta za ujazo milioni moja na nusu, wakayapeleka kwa tuyo mbali na ziwa na kuyakamua katika mifuko ya namna hii. Wakaaji wa karibu walilalamikia harufu, ikabidi kutafuta njia za kuizuia. Hata huko kazi haikuwa laini.

Kwa sababu mufuko umelala kimya, watu wanausahau. Mimi nilishaona kapita mumoja, mutu wa miaka mingi kazini, aliyetaka kuokoa hatua kumi akapita juu ya mufuko huku pompi ikitembea. Juu pana utelezi, na mufuko unacheza chini ya muguu kama godoro la maji. Aliteleza kati ya mifuko miwili, muguu ukabanwa, na mifuko iliendelea kuvimba. Pompi ilikuwa mbali na hakuna mutu aliyeisimamia. Alipiga kelele mpaka mupishi wa kantini akasikia! Tangu siku ile, mutu mumoja hasogei karibu na swichi ya pompi hata kwa sigara.

Kimo nacho kina mupaka, kilichoandikwa na watengenezaji. Sisi tunafunga kamba kati ya nguzo mbili kwa kimo hicho. Mufuko ukigusa kamba, pompi inasimama, hata kama tope bado lipo. Mufuko uliojazwa kupita kiasi unapasuka kwenye mushono, na ule uliowekwa mahali penye mutelemuko unaviringika. Mwenye kusimama upande wa chini hana pa kukimbilia.

Polimeri ikimwagika chini, usiimwagie maji. Itakuwa utelezi mubaya kuliko mafuta. Tupa muchanga ao unga wa mbao, zoa, ndipo uoshe. Chokaa ikiingia machoni, fungua kope kwa vidole na osha kwa maji mengi yasiyopungua dakika 15, kisha uende dispanseri, hata kama maumivu yamepungua.

Jambo moja wengi wanakosea: maji meupe si maji safi. Kitambaa kinashika chembe tu. Madini yaliyoyeyuka yanapita kama chumvi inavyopita katika chujio. Kobalti inataka maji yafike karibu pH 9 ndipo igeuke chembe. Shaba inatosheka mapema zaidi. Chokaa ikipungua, maji yatatoka yaking'aa na yamebeba sumu. Pima pH kila zamu, uandike.

Sasa ile mihogo. Mama mumoja wa kambi aliniuliza: "Baba, kitambaa hiki nimekifua mara tatu, kimebaki nini?" Kimebaki yale yaliyoingia ndani ya nyuzi. Sabuni inatoa yaliyo juu. Muhogo mubichi unashika vumbi hilo ukikauka, na unga unaingia nao katika sufuria. Kobalti nyingi inaweza kudhuru mapafu na moyo, na mutoto mudogo anaumia kwa kiasi kidogo kuliko mukubwa. Kitambaa hicho kisifanywe godoro, wala pazia, wala gunia la bunga. Tope lililokauka nalo si mbolea. Hata tope la vyoo vya kambi, lisilo na madini, lina mayai ya minyoo yanayoweza kuishi miezi mingi, hata miaka. Halipelekwi kwenye bustani ya mboga bila kutengenezwa.

Baba, badili nguo zako izineni, na zile za kazi zisifuliwe katika beseni la nepi za mutoto. Vitambaa vilivyochakaa vikatwe vipande kwenye ua wa izine kabla ya kutupwa, ili asiwepo wa kuvitamani. Vile vilivyoko kambini tayari virudishwe kwenye mulango wa izine.