Simu ya Awamu na Tamaa ya Simu Mpya: Maswali na Majibu kutoka Old Kampala

Nchini Uganda wateja wengi wa simu hulipia muda wa maongezi kabla ya kuutumia, kwa hiyo mkataba wa miezi 24 au 36 uliozoeleka Marekani ni nadra, na nafasi yake imeshikwa na ununuzi kwa awamu, yaani utaratibu ambao mnunuzi hutoa kianzio, huondoka na simu, kisha hulipa kidogo kidogo kwa siku au kwa wiki. Mifano inayojulikana zaidi ni M-KOPA, iliyoanza Kenya kwa kuuza mitambo ya umeme wa jua, na Pay Mpola Mpola ya MTN Uganda. Maswali yaliyochaguliwa hapa ni ya wakazi wa Old Kampala na Kisenyi wanaotaka kubadili simu kabla deni halijakwisha.

Je, simu inaweza kubadilishwa kabla ya awamu ya mwisho?

Inaweza, endapo salio lote litalipwa kwanza au endapo mkataba wenyewe unaruhusu, kwa kuwa katika ununuzi wa aina hii, ambao Uganda iliutungia sheria yake mwaka 2009, umiliki hubaki kwa muuzaji mpaka malipo yakamilike. Ichukuliwe kwa kielelezo simu yenye kianzio cha shilingi 100,000 na malipo ya shilingi 2,000 kila siku kwa siku 365, ambayo jumla yake ni shilingi 830,000. Aliyefika siku ya 200 amekwisha kutoa 500,000, kiasi ambacho huenda kinakaribia bei taslimu ya simu hiyo dukani, ila bado anadaiwa 330,000. Na dukani wakiithamini simu yake kuukuu kwa 200,000, atapungukiwa na 130,000 kabla hajaanza kulipia hiyo mpya. Muuzaji anayesema kwamba salio litahamishiwa tu kwenye simu mpya hajamsaidia mtu, kwa maana mteja atalipia gharama ya mkopo juu ya gharama ya mkopo. Swali la kuulizwa siku ya kwanza, ambalo karibu hakuna anayeliuliza, ni kama anayemaliza mapema hupunguziwa chochote.

Je, fundi akiifleshi simu, deni hufutika?

Barua kadhaa zimeuliza jambo hili kwa maneno tofauti, moja ikitaja kubadili laini, nyingine kurudisha simu katika hali ya kiwandani, nyingine programu inayouzwa vibandani, na zote zinastahili jibu moja: halifutiki. Kufuli ya simu ya awamu, ile inayoizima simu malipo yakichelewa, haikai kwenye laini, wala haikai katika kumbukumbu inayofutwa na fundi. Huandikwa katika kompyuta kuu ya mtengenezaji au ya mkopeshaji, ikifungamanishwa na IMEI, yaani namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 ambayo kila mtu huiona akibonyeza *#06#. Simu iliyofutwa kila kitu, ikiwashwa na kuunganishwa na intaneti, huiuliza kompyuta hiyo ni ya nani, hujibiwa kwamba ingali chini ya mkopeshaji, kisha hujifunga upya. Ndivyo ufanyavyo mfumo wa Knox Guard wa Samsung, na mifumo mingine hufuata njia hiyo hiyo. Fundi anayedai kuishinda mara nyingi ameizuia tu simu isiulize, kwa kuzima masasisho au kuharibu sehemu ya programu, na mteja anayerudi baada ya wiki akiwa na kioo cheusi huambiwa kwamba ni bahati mbaya. Hata pale ujanja unapofaulu, deni lilizaliwa na mkataba, halikuzaliwa na kifaa, hivyo linaendelea kukua. Na tangu Sheria ya Taasisi za Fedha iliporekebishwa mwaka 2016, wakopeshaji wasio benki waliokubaliwa na Benki Kuu wanaweza nao kupeleka kumbukumbu za wadaiwa kwenye ofisi za taarifa za mikopo. Anayenunua simu kuukuu mkononi mwa mtu na airudishe katika hali ya kiwandani na kuiunganisha na intaneti mbele ya muuzaji, kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Na kubadili IMEI?

Hiyo ni kazi ya wezi. Uingereza iliifanya kosa la jinai mwaka 2002.

Ndugu aliye ng'ambo amenunua simu mpya na kutuma ile ya zamani; mbona inakataa laini ya Kampala?

Hapa kufuli ni ya aina nyingine, ile inayoifunga simu kwa mtandao mmoja. Canada ilikataza kuuza simu zilizofungwa hivyo kuanzia Desemba 2017, na Uingereza kuanzia Desemba 2021, ilhali Marekani zingali zikiuzwa, na kwa kawaida kampuni hazifungui simu ambayo malipo yake hayajakamilika. Mwenye kuweza kuifungua ni yule ndugu, kwa kulipa salio lake huko aliko. Aidha, iPhone 14 na zilizofuata, kama ziliuzwa Marekani, hazina tundu la laini, hutumia laini ya kidijitali pekee.

Simu imeibwa, je, malipo yanasimama?

Hayasimami, isipokuwa mkataba una bima inayosema hivyo.

Je, bei ya awamu ni riba?

Mashehe wako karibu, katika Msikiti wa Taifa ulio juu ya kilima cha Old Kampala; waonyeshwe mkataba, wasisimuliwe.

Mkimbizi aliyechukua simu kwa kitambulisho cha jirani anawezaje kuibadili?

Hawezi bila jirani huyo, kwa kuwa mbele ya mkopeshaji mdaiwa ni mwenye jina, na historia nzuri ya malipo, ambayo ndiyo hufungua mlango wa simu bora, huandikwa kwa jirani. Desturi hii imeenea miongoni mwa waliotoka Kongo ambao bado wanasubiri hati zao, na mawakala wanaoifumbia macho ili kufikisha idadi ya mauzo ndio wa kulaumiwa kwanza. Ikiwa imekwishafanyika, salio lilipwe kwa namba iliyoandikishwa mkopo, ujumbe wa kuthibitisha kwamba deni limekwisha uhifadhiwe na wote wawili, na simu inayofuata isubiri mpaka kitambulisho cha mkimbizi kitoke.