Kibarua akianguka mjengoni, nani atalipa hospitali?

Pipeline, Embakasi, haipiti wiki bila kusikia nyundo. Ghorofa ya saba yapandishwa juu ya sita, jukwaa ni miti iliyopigwa misumari, na vijana wako juu bila kofia wala mshipi. Mara nyingi mwenye ploti amepatana na fundi kwa mdomo tu. Mwulize huyo fundi kuhusu bima, atacheka.

Juni 12, 2017 jengo la ghorofa saba liliporomoka Kware, papa hapa Pipeline. Nyufa zilionekana mapema na wapangaji wengi wakaondoka, lakini wako waliokufa. Hizo ndizo habari zifikazo magazetini. Zisizofika ni za kibarua aliyeanguka na kuvunjika uti wa mgongo, aliyekanyaga msumari akapata pepopunda, au aliyeunguzwa miguu na saruji mbichi. Vumbi la mawe nalo huharibu mapafu polepole, na madhara yake hayana tiba.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 yamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Mwajiri ndiye hugharimia matibabu. Mtu akifa au akilemaa kabisa, fidia ni mapato ya miezi 96. Tuseme kibarua hupata Sh700 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni Sh1,747,200. Fundi wa mdomo atazitoa wapi? Atazima simu. Na ikiwa wewe ndiwe uliyekuwa ukiwalipa vibarua kila jioni, unaweza kuhesabiwa kuwa mwajiri wao. Jiwe likimwangukia mpita njia, kuna kesi nyingine hapo.

Msomaji, usitosheke na cheti cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Cheti hicho chaonyesha mwanakandarasi amesajiliwa, si kwamba ana bima. Taka kuona hati ya bima yenyewe, kisha upige simu kwa kampuni iliyoitoa (wewe mwenyewe, si fundi) uulize kama imelipiwa na itaisha lini. Nyumba hizi huchukua miaka.

Aliyeanguka asiinuliwe kwa mikono wala kupakiwa bodaboda. Mwacheni alale alivyo, mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, mpaka ambulensi ifike.